Kifuu, kawa na dema: mwongozo wa kutengeneza taa za sanaa kwa vyombo vya nyumbani

Tia globu ya zamani ya wati 60 ndani ya kawa la kufunikia chakula, litundike juu ya meza, na usiku wa kwanza utaridhika. Wiki chache baadaye ukili wa kileleni, ule utepe wa majani yaliyosukwa, unageuka kahawia, chumba kina harufu ya kitu kinachotaka kuungua, na mezani pana duara moja kali linaloumiza macho. Kawa halina kosa. Aliyelitundika hakujiuliza maswali mawili yanayoamua kila kitu katika kazi hii: joto litatokea wapi, na chanzo cha mwanga kina upana gani.

Mwongozo huu unayafuata maswali hayo kwa vitu vitatu vinavyopatikana kila pembe ya Unguja na Pemba. Kifuu cha nazi ndicho tutakachokaa nacho zaidi, kwa sababu kinafundisha mengi na hakigusi umeme wa ukutani. Kawa linatumia volti 230, kwa hiyo lina masharti yake. Dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, tutalipitia mbio.

Kwanza, mwanga wenyewe

Wengi huanza kwa kutoboa, kisha ndipo wanatafuta taa ya kutia ndani. Matokeo yake wanatoboa matundu mia mbili mazuri na ukutani hapaonekani kitu. Kinachochora ukutani si tundu peke yake. Tundu na udogo wa chanzo huchora pamoja.

Chukua tundu la milimita 2 kwenye kifuu, taa ikiwa sentimita 8 chini ya tundu hilo, na dari ikiwa mita 2 juu ya taa. Mita 2 ni mara 25 ya sentimita 8, basi tundu la milimita 2 litachora doa la sentimita 5 darini. Sasa tazama ukingo wa doa hilo. Kila milimita 1 ya upana wa chanzo inatia ukungu wa karibu milimita 24 kwenye ukingo. LED ya jicho moja, ambayo kiini chake kinachowaka kina milimita 1 hadi 2, inatoa ukungu wa sentimita 2.5 hadi 5: doa linaonekana, lina umbo, limelegea kidogo pembeni kama wino kwenye kitambaa. Globu ya rangi ya maziwa yenye kipenyo cha milimita 45 inatoa ukungu wa zaidi ya mita moja. Madoa yote yanamezana, dari inakuwa na weupe mmoja tu, na kazi yako ya siku nzima imepotea.

Kwa hiyo, ukitaka nakshi ukutani, tumia LED ya jicho moja. Ukitaka mwanga laini wa kulia chakula, tumia globu ya maziwa. Usichanganye.

La pili ni rangi ya mwanga. Madukani zimejaa taa za 6500K, nyeupe yenye ubuluu, na chini yake kifuu kinaonekana kijivu na ukili unaonekana mkuukuu. Soma boksi na utafute namba 2700K au 3000K.

Kifuu: taa ya mezani ya volti 5

Taa hii inatumia umeme wa USB, ule ule wa kuchajia simu. Haina hatari ya kumpiga mtu shoti, na umeme ukikatika inaendelea kuwaka kwa pawabenki. Hilo si jambo dogo kwa Unguja, iliyokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, njia ya umeme kutoka Bara ilipoharibika.

Tayarisha:

– nazi kavu 2, moja ya akiba
– LED moja ya wati 1, 3000K, iliyokwisha pachikwa kwenye kisahani cha alumini chenye umbo la nyota
– resista ya omu 5.6, ya wati 2
– waya wa zamani wa kuchajia simu, wenye kichwa kipana cha mstatili
– swichi ndogo ya kukaa kwenye waya
– kipande cha alumini cha sentimita 6 kwa 6, unene usiopungua milimita 1. Mfuniko wa sufuria mbovu unafaa kabisa
– kipande cha mbao cha duara, kipenyo sentimita 11, unene sentimita 3
– msasa namba 80, 120, 240 na 400
– biti za milimita 1.5, 2 na 3, na keekee ya umeme au ya mkono
– ngata, au kitambaa kilichosokotwa mviringo

Kuhusu resista: USB inatoa volti 5, LED inataka volti 3.1 hivi. Zilizobaki, volti 1.9, lazima zimezwe mahali. 1.9 ukigawa kwa 5.6 unapata ampea 0.34, ndicho kiwango kinachofaa LED ya wati 1. Resista yenyewe inageuza wati 0.65 kuwa joto, na ndiyo maana tunasema ya wati 2. Zile ndogo za robo wati, zenye umbo la punje ya mchele, zitaungua usiku wa kwanza. Ukiunga LED moja kwa moja bila resista itawaka kwa fahari kubwa, kisha itageuka buluu na kufa.

Kuandaa nazi

Chagua nazi iliyokauka, inayolia maji ukiitikisa, na uifue mwenyewe au uombe ifuliwe bila kuvunjwa. Vifuu vilivyotoka kwenye mbuzi havifai hapa kwa sababu vimekatika nusu kwa nusu. Toboa jicho laini, mwaga maji, kisha chora mstari wa kukata upande huo huo wa macho, mahali ambapo mdomo utakuwa na kipenyo cha sentimita 6.5. Upande wa macho ndio wa kuondoa: mishipa mitatu ya kifuu inakutana pale, na nyufa nyingi huanzia pale.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi. Zungusha nazi huku ukikata kidogo kidogo pande zote. Ukishindilia upande mmoja mpaka ndani, kipande cha mwisho kitavunjika chenyewe na ufa utapanda juu. Iache kivulini kwenye upepo siku tatu mpaka nyama ijikunyate, uing'oe kwa kisu butu. Usiianike juani ili uharakishe: jua kali la kaskazi linakausha nje kabla ya ndani, na kifuu kinapasuka. Hakikisha hakuna hata utando wa nyama uliobaki. Ukibaki, sisimizi watakujulisha.

Nyuzi za nje ziparue kwa kipande cha kioo kilichovunjika, ukivaa glavu nene, kisha piga msasa 80, 120, 240, na mwisho 400. Ungaunga wa kifuu ni mwembamba mno na unakwaruza koo. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, ukiwa umefunika pua. Ukifika msasa 400 kifuu kinang'ara chenyewe. Paka nta, au vanishi nyembamba upande wa nje tu. Mafuta ya nazi hayafai hata kama yanaonekana ndiyo yenyewe: baada ya muda yanachacha na kukamata vumbi.

Ndani upake rangi nyeusi isiyong'ara. Watu huona ajabu, maana kawaida ya taa ni kupakwa nyeupe ndani. Lakini nyeupe inarudisha mwanga kutoka kila upande, na hapo ule udogo wa chanzo tuliouhangaikia umeshapotea. Nyeusi inaacha mwanga wa LED peke yake utoke.

Kuchora na kutoboa

Nakshi haina haja ya kutafutwa mbali. Milango ya Mji Mkongwe ina mnyororo, samaki, mtende na waridi. Mikono ya bibi harusi ina piko, na pindo za kanga zina korosho na nukta zilizopangika. Piko ndiyo inayoingia kwenye kifuu kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa tayari imezoea kufuata mviringo wa kiganja. Milango ni migumu zaidi: michoro yake imekusudiwa ubapa, na ukiizungusha kwenye kifuu inajikunja juu.

Chora kwa penseli kuanzia tumbo la kifuu kwenda juu tu. LED ya aina hii inamwaga mwanga katika pembe ya digrii 120, yaani digrii 60 kila upande kutoka wima. Tundu lililo chini ya tumbo halipati kitu cha maana. Acha milimita 5 kati ya tundu na tundu. Zikikaribiana zaidi, biti inavunja ukuta wa katikati.

Kalisha kifuu kwenye ngata ili kisibingirike, anzisha kila tundu kwa ncha ya msumari, kisha toboa kwa mwendo wa polepole bila kukandamiza. Sasa lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Mkono unataka kutoboa wima, biti ikisimama sawa juu ya ngozi ya kifuu. Kwenye kilele hakuna tatizo. Kwenye tumbo, tundu hilo limeziba hata kama unaliona liko wazi.

Hesabu yake ni hii. Kifuu cha kipenyo cha sentimita 10 chenye mdomo wa sentimita 6.5 kinaiweka LED karibu sentimita 4 chini ya kitovu cha mviringo. Tundu lililotobolewa wima tumboni linaelekea kitovuni, ilhali mwanga unalijia kutoka chini kwa pembe ya digrii 37 hivi. Unene wa kifuu ni kama milimita 4. Tundu la milimita 2 lenye kina cha milimita 4 halipitishi mwanga uliopinda zaidi ya digrii 27. Umetoboa, lakini LED haikioni kile ulichotoboa.

Dawa yake ni kuelekeza biti mahali LED itakapokaa. Chomoa chelewa moja kwenye ufagio, uchonge ncha, uipitishe kwenye tundu ulilotoboa na uone inatokea wapi kwenye mdomo wa kifuu. Ikigonga ukuta wa upande wa pili, pembe si sahihi. Ikifika katikati ya mdomo, endelea. Baada ya matundu kumi mkono unazoea na chelewa inarudi kwenye ufagio wake.

Kabla ya kuunga waya wowote, zima taa, washa tochi ya simu, uilaze kitandani ikitazama juu na uifunike kwa kifuu. Tochi ya simu nayo ni LED ndogo, basi utakachokiona darini ndicho utakachokipata. Hapo ndipo utakapogundua kuwa upande mmoja umejaa na mwengine mtupu, na bado una nafasi ya kuongeza. Pasua matundu machache ya milimita 3 katikati ya yale ya 1.5 ili jicho lipate pa kutua. Nakshi yenye matundu ya saizi moja tupu hufanana na chujio.

Kitako na waya

Mbunifu wa Milano hahitajiki hapa, ila kuna funzo moja la kuazima kutoka Italia. Mwaka 1962 ndugu wawili, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walitengeneza taa ya kusimama iitwayo Toio kwa taa ya gari na vipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Transfoma, kile kifaa kizito ambacho wengine hukificha, waliiweka chini ionekane, ikawa ndiyo uzito unaoizuia taa isianguke. Ukipenda, chonga kitako chako kwa mtindo huo huo: kifanye kirefu cha mstatili, ukiache wazi upande mmoja, na pawabenki iingie humo. Taa nyepesi ya kifuu itapata nanga yake, na huna haja ya kuficha kitu.

Kwa kitako cha kawaida, fuata mpango huu:

1. Kata kichwa kidogo cha waya wa USB, ubakishe kile kipana. Ndani utakuta waya nne, au mbili kama ni waya wa kuchajia tu. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Nyeupe na kijani ni za data, zikate fupi na uzifunike kwa tepu. Waya za bei rahisi hazifuati rangi daima, kwa hiyo pima kwa mita kwanza. Waya wenye kichwa kidogo cha mviringo pande zote mbili usiutumie: chaja yake haitoi umeme mpaka ikitambue kifaa.

2. Lehemu waya na resista kwenye LED kabla ya kuifunga kwenye alumini. Ukishaifunga, alumini inanyonya joto la chuma cha kulehemu na risasi haishiki, na ukilazimisha unaiunguza LED. Resista iwekwe upande wa nyekundu, nje ya alumini, isiguse mbao.

3. Paka gundi ya kupitisha joto nyuma ya nyota, ifunge kwenye alumini kwa skrubu mbili. Hakikisha vichwa vya skrubu havigusi sehemu zilizolehemiwa.

4. Funga alumini katikati ya mbao, pitisha waya kwenye mfereji chini ya kitako, funga fundo la waya ndani ili ukivutwa usiivute LED. Swichi ikate waya mwekundu.

5. Washa kwa dakika 30 na uguse alumini. Iwe na uvuguvugu unaovumilika. Ikiwa alumini ni baridi na nyota inaunguza kidole, gundi haijashika.

Kifuu usikigundishe. Kikalishe juu ya vigingi vitatu vya mbao vyenye urefu wa milimita 3 ili hewa ipite chini, na siku LED ikifa unyanyue tu. Mwanga utakaovuja kwa chini utachora duara jembamba mezani. Wako wasioupenda; hao wazungushie kamba ya usumba.

Taa yote inakula wati 1.7. Pawabenki mpya ya mAh 10,000 itaiwasha saa 15 hadi 18. Taa isipowaka kabisa, geuza nyekundu na nyeusi: kwa kawaida umeziunga kinyume.

Kawa: taa ya kuning'inia

Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi, Mmarekani mwenye baba Mjapani, alifika mji wa Gifu na kukuta mafundi wa fanusi za karatasi na mianzi, na wavuvi wanaovua usiku kwa taa mtoni. Alianza kubuni taa alizoziita Akari. Mafundi aliwaacha wafanye kazi kwa njia yao ile ile. Alibadilisha umbo, na badala ya mshumaa akatia globu.

Kwa kawa tunashauri adabu hiyo hiyo: mwache msukaji na kazi yake, ila mpe maelezo mapema. Mwambie aanze kushona ukili kuzunguka pete ya waya yenye kipenyo cha sentimita 4 badala ya kuanza na kisonge cha katikati. Kwake ni mabadiliko madogo. Kwako ni tofauti kati ya kawa zima na kawa lililokatwa kileleni linalofumuka mshono kwa mshono kila mwezi. Omba kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 22 hadi 25. Rangi za zambarau na kijani hupendeza mchana, lakini usiku zinazima mwanga. Ukili wa rangi yake ya asili ndio unaorudisha mwanga wa dhahabu. Kama kawa umeshalinunua sokoni, fumua uzi wa mishono ya kwanza kwa sindano, usikate ukili, kisha uishone pete hapo.

Ukindu na miyaa ni majani makavu, na yanashika moto. Changanya gramu 70 za boraksi na gramu 30 za asidi ya boriki kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, nyunyizia kawa ndani na nje mpaka lilowe, likauke kivulini, rudia. Dawa hiyo inachelewesha moto na inazuia kuvu wakati wa masika. Haifanyi ukili usiungue. Jaribu kwanza pembeni, maana rangi nyengine huchuja. Chombo ulichochanganyia kisirudi jikoni, na kawa hilo lisifunike tena chakula.

Globu iwe ya LED, fupi, ya duara lenye kipenyo cha milimita 45, rangi ya maziwa, wati 5, ya kusokota, saizi E27. Ile ndefu ya kawaida itachungulia chini ya ukingo wa kawa na kupiga machoni. Tazama pia volti zilizoandikwa: inayosema 220–240 itateseka umeme unapopanda na kushuka, inayosema 85–265 au 100–265 inadumu zaidi.

Holda ishuke sentimita 12 chini ya kilele, na pande zote kuwe na nafasi ya sentimita 5 kati ya globu na ukili. Joto la LED haliko kwenye kioo bali shingoni, karibu na holda, na hapo ndipo kawa lilipo jembamba. Pete ya kileleni isizibwe: hewa moto itoke kuzunguka waya.

Umeme wake ni huu. Kwa holda ya plastiki tumia waya wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 0.75, kwa holda ya chuma lazima nyuzi tatu, kijani-na-njano ikifungwa kwenye skrubu ya ardhi. Menya milimita 6 hadi 7 tu. Kahawia iende kwenye ulimi wa katikati ya holda, buluu kwenye hesi za pembeni, kwa sababu hesi ndizo kidole kinazoweza kuzigusa wakati wa kubadilisha globu. Kwenye plagi ya pini tatu kahawia inakwenda upande wenye fyuzi, na fyuzi iwe ya ampea 3. Plagi nyingi zinauzwa na ya 13, ambayo itaacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika. Ifungue uangalie, na ukikuta ndani kipande cha chuma badala ya fyuzi, itupe.

Kama taa itaungwa moja kwa moja darini badala ya plagi, hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Kuacha uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ziishe si njia ya kuzima umeme.

Kutundika

Nyumba za mawe na chokaa zina tatizo lake. Plasta ya chokaa inamomonyoka, na plagi ya plastiki ya kushikia skrubu itashika mwezi mmoja na kung'oka na kipande cha ukuta. Tafuta boriti. Toboa kwanza tundu la milimita 3 kwa ajili ya ndoano ya milimita 5, maana mti wa mkoko uliokauka miaka mingi unakata ndoano isiyotobolewa njia. Ndoano iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya kawaida, karibu na bahari, inaanza kuacha mstari wa kahawia kwenye chokaa kabla ya mwaka kwisha.

Uzito wa kawa ubebwe na kamba iliyofungwa kwenye pete, si na waya wa umeme. Vipindi vya kusi taa inayumba siku nzima, na skrubu za holda hulegea kidogo kidogo. Taa inaanza kupepesa, na watu wanalaumu globu. Juu ya meza ukingo wa kawa ukae sentimita 60 hadi 65 kutoka mezani. Panapopita watu usiushushe chini ya mita 1.9. Wanaokula mkekani waiweke kwenye kona, la sivyo kila anayeinuka kunawa ataipiga kichwa.

Waya wa kuning'inia usihangaike kuuficha. Taa ya Mholanzi Rody Graumans ya mwaka 1993 ni globu 85 na waya zake 85 zilizokusanywa juu kuwa fungu moja, na fungu hilo ndilo umbo lenyewe.

Dema

Suko la dema lina matundu ya pembe sita, na kwa LED ya jicho moja linatandaza wavu chumba kizima. Hapa hesabu inabadilika: matundu ni makubwa, kwa hiyo hata globu ndogo isiyo na maziwa, yenye nyuzi za LED zinazoonekana, inatosha. Agiza dogo la sentimita 40. La kuvulia litajaza sebule. Ukitumia kuukuu lililotoka baharini, lilowe maji baridi siku mbili, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, mpaka ukilamba fito usisikie chumvi. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu, na unyevu huo utaingia kwenye holda. Kwa sababu mtu anaweza kutia mkono ndani popote, dema liwe la volti 12: betri ya sola ya Ah 7 na taa ya wati 3 zinakupa saa 14 bila kuimaliza betri zaidi ya nusu.

Matunzo

Ukili upanguswe kwa brashi kavu, usifutwe kwa kitambaa kibichi. Wakati wa masika washa taa walau saa moja kila jioni, joto lake dogo linakausha ukili na kuzuia kuvu. Kila baada ya miezi sita toa plagi, fungua holda, na ukikuta unga wa kijani kwenye skrubu za shaba, zisugue kwa msasa 400, kata ncha ya waya iliyogeuka nyeusi, menya upya na ukaze.